Je, wajua kwa nini hewa chafu huweza kugandisha damu mshipani?

Ukijikata kidole kwa kisu jikoni, damu huchuruzika kidogo, kisha baada ya dakika chache huganda na kuziba jeraha. Kuganda huko ni ulinzi. Hatari huja pale damu inapoganda mahali pasipo na jeraha, hasa katika mishipa ya ndani ya miguu inayorudisha damu moyoni, kwa kuwa bonge lililofanyika humo linaweza kubanduka, likasafiri hadi mapafuni na kuua ghafla.

Madaktari wamezoea kutuonya kuhusu upasuaji, ujauzito na safari ndefu za kukaa. Hewa tunayovuta ilitajwa kwa nadra. Mwishoni mwa 2024 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia kwa wastani wa miaka 17 watu wazima 6,651, wakazi wa maeneo sita ya miji, yakiwemo New York, Chicago na Los Angeles. Watu 248 walipata mabonge ya damu yaliyohitaji matibabu ya hospitali. Hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 39 kwa waliovuta kwa wingi chembe laini za uchafuzi, na ilizidi maradufu kwa waliovuta kwa wingi gesi za oksidi za naitrojeni, ambazo hutoka sana katika moshi wa magari.

Chembe hizo laini zina kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa binadamu hufikia takriban 70. Masizi unayoyakwangua chini ya sufuria ni chembe nyingi mno zilizoshikana. Zikiwa moja moja hewani, hupenya puani bila kunaswa na kutua katika vifuko vya hewa vya mapafu. Mwili huzipiga vita kama unavyopiga vita vijidudu: ini huongeza fibrinojeni, ambayo ndiyo asili ya nyuzi zinazofuma bonge, chembe sahani za damu, zile zinazosaidia kuziba jeraha, huwa nyepesi kunatana, na utando wa ndani wa mishipa huchubuka. Moshi usipokoma, vita navyo havikomi.

Utafiti wa namna hii huonyesha uhusiano tu, wala hauthibitishi kwamba bonge la mgonjwa fulani lilitokana na moshi. Hata hivyo, naona ni sababu tosha ya kutopuuza mguu mmoja unaovimba huku shavu la mguu huo, nyuma chini ya goti, likiuma na kupata joto. Na kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla, mgonjwa afikishwe hospitali saa hiyo hiyo.