Picha za magofu ya Paris: watu wanavyodhani na ilivyokuwa

Ile picha ya mchoraji Mfaransa Hubert Robert ya Bastille, ngome ya Paris iliyokuwa gereza, ikibomolewa inasambazwa sana mtandaoni, na maelezo yake mara nyingi yanakosewa, inaniuma manake picha yenyewe ni nzuri mno kuelezwa hovyo.

Eti wananchi waliivamia Bastille wakaiangusha siku hiyohiyo. Hapana. Tarehe 14 Julai 1789 waliiteka, wakawatoa wafungwa waliokuwemo, 7 tu, basi. Kubomoa ni kazi nyingine kabisa, ngome ilianza kujengwa 1370, minara 8, kuta nene za mawe, huwezi kuimaliza kwa hasira ya mchana mmoja. Akatokea mkandarasi, Pierre-François Palloy, akaingiza mamia ya vibarua na kazi ikaenda kwa miezi. Robert alichora zile siku za mwanzo ndo maana minara bado imesimama, na ukivuta picha ukaangalia kule juu kabisa utaona vijitu kama siafu vinang'oa mawe vinayatupa chini. Wale wako kazini, sio vitani.

Halafu eti alichora kilekile alichokiona. Alikiona ndiyo, ila vile vijitu kavifanya vidogo kupita kiasi makusudi ili ukuta ujae macho. Alishakaa Italia miaka 11 akichora magofu ya Warumi mpaka wakamwita Robert wa Magofu, mbinu zilezile akazirudisha kwao.

Linalonikera zaidi ni hili la kusema Paris ilianza kubomolewa na Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Mwaka 1784 kulishakuwa na mpango wa msanifu Corbet wa kuiondoa Bastille na kuweka uwanja, na 1786, mfalme bado yupo madarakani, zilivunjwa nyumba zilizojengwa juu ya daraja la Pont Notre-Dame, Robert akachora na hiyo. Serikali ilitaka hewa ipite na magari ya farasi yapite. Kwahiyo picha zake sio za mapinduzi peke yake, ni za mji uliokuwa unajifumua tangu kabla.

Na ile ya 1796, ukumbi mkubwa wa Louvre, jumba la wafalme lililogeuzwa makumbusho, umeezuliwa paa lote, watu wanauliza ni vita gani. Hakuna vita. Aliwaza tu ukumbi utakavyokuja kuwa, na pembeni akaonyesha picha nyingine ya ukumbi huohuo ukiwa na madirisha ya kwenye paa kuingiza mwanga, alivyotaka utengenezwe, maana alikuwa anafanya kazi kwenye makumbusho hayo. Kwenye ile ya gofu kuna msanii amekaa katikati ya vifusi anachora sanamu ya Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale, iliyobaki nzima, mtafuteni.

Mawe ya Bastille mengine yaliingia kwenye daraja ambalo leo ni Pont de la Concorde. Msingi wa mnara mmoja uliibuka 1899 wakati wanachimba njia ya metro, treni ya chini ya ardhi, wakauhamishia bustani ya Square Henri-Galli. Picha ya Bastille iko Musée Carnavalet, makumbusho ya historia ya Paris, na maonyesho yao ya kudumu kuingia ni bure.