Chupa ya jirani si maziwa ya benki

Wiki ya Unyonyeshaji Duniani huanza tarehe 1 Agosti, na malalamiko tunayoyapokea ni yale yale: mtoto amezaliwa kabla ya wakati na yuko wodini, wifi amekama maziwa yake Likoni, Mombasa, amevuka feri na chupa, na muuguzi wa watoto wachanga ameikataa. Familia huona ni kiburi. Si kiburi: maziwa ya mama mwingine yapitie kwanza benki ya maziwa, inayompima mchangiaji na kuyapasha maziwa yake.

Maziwa ya mama mwenyewe ndiyo ya kwanza, hata yakiwa matone. Mzazi aanze kukama kwa mkono mapema, kabla ya saa 6 kupita tangu kujifungua, kisha mara 8 hadi 12 kwa siku bila kuruka usiku. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza, hata kidogo isidharauliwe. Mtoto wa kilo 1 kwa kawaida huanzishiwa mililita 10 hadi 20 kwa siku nzima, kwa mrija. Ukizigawa kwa milo 12, hakuna mlo unaozidi mililita 2. Mengine hupitia dripu.

Yasipopatikana, mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 yanaruhusu maziwa ya kuchangiwa yafikiriwe kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito mdogo. Wanaoyahitaji zaidi ni walio chini ya wiki 32 au kilo 1.5, kwa sababu ya NEC, ugonjwa ambao sehemu ya utumbo huvimba na kufa. Tafiti zikijumlishwa, hatari yake kwa wanaolishwa maziwa ya mkebe, yaani ya unga ya watoto, hukaribia maradufu ya wanaolishwa ya kuchangiwa. Ni kweli kwamba wa mkebe huongeza uzito haraka zaidi. Ndiyo maana maziwa ya kuchangiwa wakati mwingine huongezwa virutubisho kwa agizo la daktari.

Kenya ilifungua benki yake ya kwanza ya maziwa ya mama Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Kazi ya benki ni hii: mchangiaji huhojiwa kuhusu dawa, sigara na pombe, na hupimwa damu kwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Maziwa hugandishwa, huyeyushwa, hupashwa hadi nyuzi 62.5 kwa dakika 30, hupozwa haraka, kisha sampuli hupandwa maabara. Bakteria wakiota, fungu zima linamwagwa. Halina mjadala.

Sasa linganisha na sufuria ya nyumbani. "Tumeyachemsha" si jibu. Kuchemsha huharibu kinga nyingi kuliko nyuzi 62.5, na moto wowote hauondoi dawa wala nikotini. Halafu kuna safari: maziwa mabichi yasikae nje ya friji zaidi ya saa 4 kwenye nyuzi 25, na Mombasa huzidi hapo siku nyingi.

Undugu wa kunyonya, yaani mtoto kuhesabiwa ndugu wa watoto wa mama aliyemnyonya, ni hoja halali, na wahudumu wasiupuuze. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, milo mitano kabla ya miaka miwili huthibitisha undugu, na ndoa baina ya mtoto huyo na watoto wa mama huyo ni haramu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi (sheria za Kiislamu) lilipinga benki hizi mwaka 1985. Wanazuoni wengine wameziruhusu. Kabla ya kutia sahihi kukubali maziwa ya benki uliza: maziwa ni ya mchangiaji mmoja au yamechanganywa? Kumbukumbu zake zinahifadhiwa, na familia zinaweza kujulishana? Kama yamechanganywa na hilo linakukwaza, sema mapema, si baada ya mlo wa sita. Hukumu yenyewe mwulize shehe wako.

Daktari akiagiza maziwa ya mkebe, hilo si aibu wala kosa. Lakini unga wake hauji bila vijidudu: maji ya kuchanganyia yasipungue nyuzi 70, yapoe ndiyo alishwe, na yakikaa saa 2 yamwagwe. Anayechanganya asiongeze wala kupunguza vijiko. Mhudumu anayegawa sampuli za bure za mkebe wodini anavunja Sheria ya mwaka 2012 ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama, yenye faini na kifungo. Ripoti kwa msimamizi wa wodi, kwa maandishi, ukitaja tarehe, zamu na aina ya mkebe.