Ndege Inachelewa Kuja

Kila ninapoonyesha North by Northwest, watazamaji wangu wa Ngamiani hugawanyika makundi, na sasa nayajua makundi hayo kabla watu hawajavuta viti. Vijana watasema picha inachelewa. Wazee waliokulia enzi za sinema ya Majestic watasema ni picha safi, ila imetiwa chumvi. Kina mama, ambao ndio huwasikiliza zaidi, watagombana kuhusu Eve, mwanamke wa picha hiyo. Mimi ni mhariri wa video hapa Tanga. Riziki yangu ni harusi na matangazo ya maduka, kwa hiyo maoni hayo huyasikiliza kifundi: najiuliza ni shoti gani iliyomfanya mtu aseme vile. Na mara nyingi naona mtazamaji amegusa pale pale, ila ameita ugonjwa kile ambacho ndicho dawa.

Kwa asiyeijua: picha ilitoka mwaka 1959, mwongozaji Alfred Hitchcock, mwandishi Ernest Lehman, steringi Cary Grant. Grant ni Roger Thornhill, mtu wa matangazo ya biashara wa New York. Yuko hoteli ya Plaza na wenzake, anamwita mhudumu ili apeleke simu ya maandishi kwa mama yake, na kumbe wakati huo huo mhudumu anapita akiita jina la George Kaplan. Majasusi waliosimama pembeni wanaona mkono umenyanyuka. Basi, kwao Kaplan ndiye huyo. Wanamteka, na kuanzia hapo mtu asiye na habari na ujasusi anakimbia kutoka New York hadi Chicago, na kutoka Chicago hadi mlima Rushmore kule South Dakota, ule uliochongwa nyuso za marais wa Marekani, adui nyuma yake na polisi, wanaodhani ameua mtu, nyuma ya adui. Adui mkuu ni Vandamm, anayechezwa na James Mason, na hapigi kelele hata mara moja. Dakika 136 kwa jumla.

Lalamiko la vijana linahusu kipande mashuhuri kuliko vyote. Thornhill ameelekezwa apande basi, ashuke kwenye barabara ya mashambani huko Indiana, amsubiri Kaplan. Basi linamshusha, linaondoka. Mashamba yamekauka, barabara imenyooka, jua la utosi. Gari linatokea mbali, linakuja, linapita. Jingine, vilevile. Lori linapita na kumwachia vumbi la suti nzima. Kisha gari linachomoza kwenye njia ya udongo kando ya mahindi, linamshusha mwanamume mwenye kofia, na sasa wapo watu wawili wanaotazamana, kila mmoja upande wake wa barabara. Hapo ndipo kijana mmoja lazima aulize, "Kaka, ndege yenyewe iko wapi?" Ameshaiona kwenye bango, anaidai.

Thornhill anavuka, anamsalimu yule mtu. Kumbe naye anasubiri basi tu. Anatazama juu, anasema kwamba ni ajabu, ndege ile inanyunyizia dawa mahali pasipo na mazao. Basi lake linafika, anapanda, anakwenda zake. Ndege inageuza pua.

Hitchcock alimweleza mwongozaji wa Kifaransa, François Truffaut, kwamba alichoka na mazoea: mtu anayengojea kuuawa huwekwa usiku, kwenye kona, chini ya taa, lami imelowa. Yeye akamweka mchana kweupe, mahali ambapo muuaji hana pa kujificha na anayewindwa hana pa kukimbilia. Wazo zuri, lakini kwenye meza ya uhariri wazo halikusaidii. Kilichokifanya kipande hiki kiwe hai ni mikato ya George Tomasini, mhariri wa picha hiyo. Thornhill anatazama kulia; tunaona barabara tupu. Anatazama kushoto, tupu. Anatazama, tunaona, anatazama, tunaona, na shoti hazipishani sana kwa urefu, kama mtu anayehesabu polepole. Baada ya magari mawili matatu kupita bila neno, mtazamaji anaanza kukagua upeo wa macho yeye mwenyewe. Amefundishwa kuogopa barabara, ndipo hatari inakuja kutoka angani. Yaondoe yale magari ya mwanzo, kama wengi wetu tungefanya leo kwa kuogopa mtu asikimbilie simu yake, na utabaki na ndege inayomkimbiza mtu. Itasisimua, lakini haitatisha.

Halafu sauti. Muziki wa Bernard Herrmann umeijaza picha hii tangu majina ya mwanzo, ngoma na mbio tupu. Pale shambani haumo. Unasikia injini, nyayo, matairi, upepo, mpaka ndege inapojibamiza kwenye lori la mafuta; hapo ndipo muziki unarudi. Ukimya wa muda mrefu hivyo ni jambo la kuthubutu. Mteja wangu wa harusi nikimwachia sekunde tano bila wimbo ananipigia simu kuuliza kama faili limeharibika.

Mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge hakuona uchelewaji wowote. Alisema katika mistari ya mkonge unamwona mtu kwa mbali muda mrefu kabla hujajua ni nani, na huo muda ndio unaokula moyo. Na aliyewahi kuona ndege ikinyunyizia dawa ya kweleakwelea juu ya mpunga anajua inavyoshuka chini. Ile haihitaji kufyatua risasi ili ulale kifudifudi.

Sasa kuna jambo la watafsiri wa mikanda. Wengi wetu Tanzania tulizijua picha za nje kwenye kibanda umiza, sauti ya mtafsiri ikiwa juu ya kila kitu, na wakina Lufufu walikuwa wasanii kamili, sitaki mtu anielewe vibaya. Nilimwomba kijana mmoja anayejaribu kazi hiyo aitafsiri picha hii papo hapo, kipaza sauti mkononi. Hotelini alikuwa moto. Kwenye treni alichekesha kuliko Cary Grant. Alipofika shambani, akajaza: "Mwamba anasubiri, jua linawaka, hajui kinachomjia…" Watu walifurahi, walipiga makofi, na hakuna aliyeogopa hata kidogo. Kipande kilichojengwa kwa kunyamaza hakiwezi kusimuliwa.

Akakwama vibaya zaidi uwanja wa ndege wa Chicago. Hapo Profesa, mkubwa wa idara ya ujasusi, anatembea na Thornhill kuelekea kwenye ndege akimweleza mambo yote, na injini inawasha, inafunika maneno. Kijana wangu alinigeukia: nitafsiri nini? Watazamaji wengi hudhani ni kasoro ya kurekodi. Hapana, ilifanywa kwa makusudi. Mapema kabisa, tukiwa tumemwacha Thornhill hoi mbele ya umati na picha yake magazetini, kamera ilitupeleka Washington kwenye kikao cha wakubwa, na pale tukaambiwa siri: George Kaplan hayupo. Hajawahi kuwepo. Ni jina lililokodishiwa vyumba vya hoteli na kununuliwa suti, ili Vandamm ahangaike nalo na asimtazame jasusi wa kweli aliye karibu naye. Kwa hiyo Profesa anapoanza kumweleza Thornhill habari za Kaplan, sisi tunazijua. Injini inatuokolea dakika nzima ya kurudia, na jambo jipya, kwamba jasusi wa kweli ni Eve, linatufikia bila shida.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema picha hii ni ya mbio. Mimi naiona ni picha ya nani anajua nini, na tangu lini. Treni ikiwa njiani kwenda Chicago, Eve Kendall, mwanamke mzuri aliyemficha Thornhill chumbani mwake, anatuma karatasi kwa Vandamm kuuliza amfanyeje mtu huyu asubuhi. Sisi tumeiona. Thornhill hajaiona. Kwa hiyo anapopewa maelekezo ya kupanda basi la Indiana, na Eve ndiye anayempa, kila dakika ya kusubiri kule barabarani tunaisubiri tukijua ametumwa afe. Kijana anayeuliza ndege iko wapi mara nyingi alikuwa kwenye simu karatasi ilipopita. Nimehakikisha hilo kwa kuwauliza, wengi hukiri.

Na Eve mwenyewe? Usiku mmoja mjadala wake ulichukua muda mrefu kuliko kahawa. Shangazi mmoja alisema mwanamke yule hana haya, kalala na adui, kamtuma mwenzake kwenye kifo, halafu anaokolewa kama bibi harusi. Mwenzake akamjibu, "Dada, mwenye kukosa haya ni yule mzee wa serikali." Nilitamani kumpa kipaza sauti. Eve (Eva Marie Saint) alikuwa hawara wa Vandamm kabla ya kuwa jasusi. Idara ikamkuta na kumwomba abaki pale pale, kitandani kwa adui, kwa faida ya taifa. Thornhill mwenyewe anamkabili Profesa akimwambia kwamba kama hawawezi kuwashinda watu wa aina ya Vandamm bila kuwatumia wanawake namna hii, basi bora wajifunze kushindwa vita baridi kadhaa. Mwaka 1959 hayo si maneno mepesi kuwekwa mdomoni mwa steringi wa Marekani. Kwangu ndiyo sentensi nzito kuliko zote katika picha inayojifanya nyepesi, na imepitwa na watazamaji wengi wa kiume kila mara.

Kuna kijiraha kingine kwa wenye macho. Kwenye behewa la chakula Eve anasema hazungumzii mapenzi kabla ya kula. Mtazame midomo. Maneno ya kwanza yalikuwa makali zaidi, hakusema "kuzungumzia". Wenye studio wakaogopa wakaguzi, sauti ikarekodiwa upya, lakini picha ikabaki vilevile.

Chumvi ya wazee sina haja ya kuitetea sana. Ni kweli, nani anamuua mtu kwa ndege ya kilimo wakati bastola ipo? Ni kweli pia kwamba Jessie Royce Landis, anayecheza mama wa Thornhill, alimzidi Grant kwa miaka isiyofika kumi. Siri zenyewe, zile filamu ndogo zilizofichwa ndani ya sanamu, hatuelezwi kamwe ni siri za nini, na Hitchcock alijivunia hilo: alichotaka ni kitu cha kukimbiliwa, na akakiacha kitupu kabisa. Anayetafuta kazi halisi ya ujasusi humu atatoka na njaa.

Kasoro ninayoikubali bila ubishi ni mandhari za nyuma. Thornhill akiendesha gari akiwa amelewa, unaona wazi kwamba gari limesimama studio na barabara inaonyeshwa kwenye pazia nyuma yake. Vijana hucheka, nami hucheka nao. Ila sababu za studio hazikuwa uvivu kila mahali. Umoja wa Mataifa haukuruhusu kupiga picha jengoni kwao New York, hivyo Grant alipigwa kwa kamera iliyofichwa garini akipanda kuingia, na ukumbi wa ndani ukajengwa upya studio. Mlima Rushmore nao: wasimamizi wa hifadhi hawakutaka watu wapigane na kuuana juu ya nyuso za marais, kwa hiyo nyuso zile mnazoona wakizikwea ni za kutengeneza. Kwa macho yangu mlima wa studio umezeeka vizuri kuliko lile gari.

Kosa la kweli ambalo hakuna aliyelisahihisha liko kwenye mkahawa wa pale mlimani. Kabla Eve hajamfyatulia Thornhill risasi za bandia ili kumhadaa Vandamm, mtoto aliyekaa nyuma anaziba masikio kwa vidole. Alikuwa ameshachoka na mazoezi. Nikiwaonyesha watu mara moja, hawamtazami tena Eve kwenye kipande hicho, kwa hiyo sasa sisemi mpaka mwisho.

Mwisho wenyewe ndio unaoniletea kesi. Eve ananing'inia ukingoni mwa jabali, Thornhill amemshika mkono, anamvuta, uso kwa uso, anamhimiza apande. Katikati ya mvuto ule ule, mkato: anamvuta kupanda kitanda cha juu cha behewa, anamwita mke wake. Sekunde chache baadaye treni inaingia kwenye handaki, na kina mama wa mstari wa nyuma wanaangua kicheko maana wameelewa handaki ni nini. Hakuna kuteremka mlimani, hakuna harusi, hakuna polisi kushukuru. Kwa mhariri, huo ni mkato wa kutamani: mkono mmoja, tendo moja, sehemu mbili za nchi.

Wazee hawataki kusikia. Wao walizoea mikanda iliyofika Tanga imechanika kwa kuzungushwa miji mingi, na bodi ya ukaguzi ilikuwa na mkasi wake, hivyo picha ikiruka wanajua imeibiwa. Nimewarudishia kipande hicho polepole, nimewasimamishia shoti moja moja, nimewaonyesha sauti ya Thornhill inavyovuka kutoka jabalini hadi kitandani bila kukatika. Mzee mmoja wa barabara ya 12 alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akamaliza kahawa, akaniambia niulize vizuri huko nilikoinunua. Bado ananidai namna walivyoteremka.