Nyuki hanusi woga, na malkia hatoi amri

Kila nikienda kurina na mtu mgeni lazima niisikie ile kauli, "usiogope, nyuki wakinusa woga wanakuvamia". Jamani hapana. Kinachomchokoza ni pumzi unayompulizia pale mlangoni, nguo nyeusi, na mikono inayorushwa hewani, sasa mtu mwoga ndo huyo huyo anayehema juu juu na kupunga mikono, kwahiyo anadungwa halafu anasema si mnaona, wamenusa.

Harufu wanayoifuata wakikasirika ni ya kwao wenyewe. Mwiba wa nyuki una vimeno, ukiingia kwenye ngozi unanasa na kubaki pale na mfuko wake wa sumu, mfuko unaendelea kusukuma sumu ndani huku pale pale inatoka harufu ya kuwaita wenzake, feromoni ya hatari. Kemikali yake kuu, isopentili asetati, ilitambuliwa mwaka 1962 na imo pia kwenye harufu ya ndizi mbivu, ndo maana mzinga ukichafuka unasikia kabisa kama kuna mtu kamenya ndizi karibu yako. Siku moja nilivua glovu nikakuta miiba kumi na moja kwenye kidole gumba cha kushoto, mkono wa kulia safi kabisa! Mmoja alidunga, waliobaki wakafuata alama. Tangu hapo glovu nafua kila nikirudi.

Na hili la kusema mwiba usiubane kwa vidole, ukwangue na kisu, nalo acheni. Utoe haraka kwa njia yoyote uliyonayo, kila sekunde unayotafuta kisu sumu inazidi kuingia. Ukishautoa puliza moshi hapo hapo palipodungwa.

Moshi wenyewe wengi wanasema unawalewesha au unawalaza. Hawalali. Vipapasio vyao, zile pembe ndogo za kichwani wanazonusia, vinapungua uwezo wa kunusa kwa dakika kadhaa, ile harufu ya hatari inakuwa haifiki vizuri kwa wenzao, na pia wanakimbilia kujaza asali tumboni. Dakika kumi, ishirini hivi, pua zinarudi, na hapo ukiwa bado umefunua mzinga shauri yako.

Linaloniuma zaidi ni la malkia. Watu wanamfikiria kama bosi kakaa anatuma. Malkia hamtumi mtu! Anachofanya ni kutaga, na mwili wake unatoa mchanganyiko wa kemikali ambao wale vibarua, yaani nyuki majike wanaofanya kazi zote za mzinga, wanaomzunguka wanaulamba na kuugusa kwa vipapasio, kisha wanatembea nao kwa wenzao, ujumbe ni mmoja tu, mama yupo. Mtoe leo, ndani ya masaa machache mlio wa mzinga unabadilika, na haichukui siku nyingi utaona wameanza kujenga vyumba vya kulelea malkia mpya juu ya majana machanga, yaani watoto wa nyuki, hakuna aliyewaamuru, harufu imepungua basi. Majana nayo yana harufu yake inayowazuia vibarua kutaga. Mzinga ukikosa malkia na majana kwa wiki kadhaa vibarua wanaanza kutaga wenyewe na yanatoka madume matupu, hapo kundi limeshakwisha.

Kuna wanaosema nyuki wanaongea kwa kucheza tu, ile ngoma ya kuonyeshana maua yalipo. Ngoma ipo kweli, mwanasayansi Karl von Frisch alipata tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kazi hiyo, ila mle ndani ni giza, wanaomfuata mchezaji wanamgusa na kunusa harufu ya ua aliyotoka nayo.

Halafu wale unaowaona mlangoni mkia juu wanapepea, sio wote wanapooza mzinga. Angalia ncha ya mkia, ukiona kamstari keupe kamefunuka ujue huyo anawaita wenzake nyumbani, na harufu yake inakaribiana na mchaichai maana kemikali iitwayo sitrali imo kwenye vyote viwili. Ndo maana mzinga mpya mimi nausugua nta ya zamani na majani ya mchaichai niliyoyaponda, naupandisha mtini, nasubiri kundi.