Hamira ya pombe si ya kwetu kihivyo

Juzi tena. Tuko barazani, kahawa bado ya moto, kijana mmoja ananambia: "Mwalimu, ile hamira iliyowapa Wazungu Nobel si waliichukua kwetu? Hata jina lake pombe!" Hesabu imeshanipotea. Wa kwanza alikuwa ami yangu, aliyesoma *S. pombe* kwenye sahani yangu ya agari (rojo la kukuzia hamira) akatamka: "Astaghfirullah, mwanangu, ndicho ulichosomea?" Ami nilimsamehe.

Nusu yake kweli. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliieleza hamira iliyotoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaiita *Schizosaccharomyces pombe*. Sehemu yetu inaishia hapo. Jina la spishi ni jambo moja, ukoo unaokuzwa maabara ni jambo jengine. Urs Leupold, aliyeanzisha jenetiki yake mwishoni mwa miaka ya 1940, alitumia ukoo kutoka Delft, Uholanzi, na huo ulipatikana Ulaya kwenye maji ya zabibu katika miaka ya 1920. Zabibu, jamani! 968, 972, 975, ndizo namba za koo zilizotokana nao: ukiingia maabara yoyote ya hamira hii, unakutana na wajukuu wa koo hizo. Hata jenomu, yaani DNA yake yote, iliyochapishwa 2002 ni ya 972.

Kwa nini tunaipenda? Hamira ya vitumbua huchipua kama tangawizi, kinundu ubavuni. Hii ni kijiti: hurefuka mpaka maikroni (elfu za milimita) 14 hivi, ukuta ukapita katikati, ikakatika kama muhogo. Basi ukipima urefu umejua umri. Ndivyo Paul Nurse alivyoziona, kule Edinburgh, seli zinazogawanyika zingali fupi, akaziita *wee*, yaani ndogo kwa Kiskoti. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walitia jeni za binadamu kwenye hamira ambayo *cdc2* yake, jeni inayoamrisha seli igawanyike, imeharibika. Moja ikaziba pengo, hamira ikagawanyika. Nobel ikaja 2001, pamoja na Hartwell wa hamira ya mikate na Hunt wa mayai ya wanyama wa baharini.

Sasa linalonikera mimi mwenyewe. Ubaoni naandika "*S. pombe* hufanya hivi", ilhali ninachokijua ni ukoo mmoja uliodekezwa kwa sukari na joto la nyuzi 30. Ukoo huo una kipande kikubwa cha kromosomu ya kwanza kilichogeuka kichwa chini, na koo nyingi za porini hazina mgeuko huo. Kwa hiyo "kawaida" yetu ndiyo kioja. Cdc2 sina wasiwasi nayo, ipo mpaka kwako wewe. Lakini mengine ninayoyafundisha kwa sauti kubwa, ni ya hamira au ya 972? Wanafunzi hawaulizi, na mimi nafuta ubao.

Kijana hakuridhika. Ami naye juzi kanibana: hiyo sahani inatoa kilevi au haitoi? Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Ukiipa sukari nyingi, inatoa.