“Kadi Imekufa”: Mambo Tunayoyasingizia Mafaili ya Kamera za Video

Usiku wa kuamkia Jumapili kijana ninayefanya naye kazi za harusi alinipigia simu. “Kaka, picha zote zina meno. Bibi harusi akigeuka tu, mkono unachanika vipande. Kadi imekufa.” Nikamuuliza kama amefuta chochote. Alikuwa bado, ila kadi alikuwa ameisharudisha kwenye kamera tayari kuifomati, maana asubuhi alikuwa na kazi ya kipaimara. Nilimwomba aitoe, aifunge kwenye karatasi, aandike jina la harusi juu yake, asiiguse tena mpaka tuonane.

Kadi ilikuwa nzima. Mafaili yote yalikuwa mazima. Kilichokosekana ni mtu wa kuiambia programu ya kuhariri kwamba picha alizopewa ni za aina gani. Naandika haya kwa sababu harusi hairudiwi, na nimeona kazi za watu zikipotea kwa imani ambazo tumerithishana mafundi kwa mafundi bila kuzichunguza.

“Picha ina meno, basi faili limeharibika”

Hii ndiyo inayoua kazi nyingi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kamera inayorekodi 1080, yaani picha ya mistari 1080, kwa mtindo wa 50i haipigi picha 25 kamili kwa sekunde. Inapiga nusu-picha 50, kila moja ikiwa na mistari 540: ya kwanza inabeba mistari ya witiri, inayofuata inabeba ya shufwa. Utaratibu huu uliwafaa wenye TV za chogo, kwa sababu kioo kile kilichora mistari kwa zamu hivyo hivyo. Skrini ya kompyuta haina zamu. Inazichukua nusu mbili na kuzibandika pamoja, ilhali moja ilipigwa sehemu ya hamsini ya sekunde baada ya mwenzake. Ukuta uliosimama utaonekana safi. Mkono unaopunga utakuwa na meno ya kitana, kwa kuwa ulikuwa mahali pawili tofauti.

Kwa hiyo tazama meno yapo wapi. Yakiwa kwenye vitu vinavyosogea tu, faili lako lina afya. Uharibifu wa kweli hauchagui: unaleta vipande vya mraba, rangi za ajabu au picha iliyoganda, hata kwenye ukuta.

Dawa inategemea kazi inakwenda wapi. Kama mteja anataka DVD ya kutazama kwenye runinga, acha zile nusu kama zilivyo. Kama ni ya simu na YouTube, ondoa meno, na ukiweza toa video ya fremu 50 kwa sekunde. Wengi wanachagua 25 na hapo hapo nusu ya mwendo uliorekodiwa inatupwa. Ngoma ya kuingia ukumbini inapoteza ule wepesi wake.

Kuna ndugu yake wa karibu anayechanganywa naye. Meno hayapo sana, lakini kila kinachosogea kinatetemeka, kama kinakwenda mbele na kurudi nyuma. Hapo programu imezicheza nusu-picha kwa mpangilio uliopinduka. Kanda za DV, zile za kidijitali za kabla ya HD, huanza na nusu ya chini, yaani mistari ya shufwa. HDV (HD ya kanda) na AVCHD (HD inayorekodiwa kama mafaili) za 1080i huanza na ya juu, ya witiri. Ukiingiza kanda ya zamani ya familia kwenye mradi wa HD bila kuangalia, hiyo ndiyo zawadi yako. Katika Premiere Pro, moja ya programu za kuhariri, marekebisho yapo kwenye sehemu iitwayo Interpret Footage: bofya klipu kitufe cha kulia, ingia Modify, utaikuta. Ni kazi ya sekunde kumi.

“Watu wamekuwa wembamba, kamera ilipangwa vibaya”

Kamera haina kosa. HDV, na baadhi ya kamera za AVCHD za mwanzo, zilirekodi picha ya pikseli 1440 kwa 1080. Pikseli hizo si za mraba. Kila moja inatakiwa kuvutwa upana mara 1.33 mpaka picha ifike 1920. Programu ikizihesabu kama za mraba, maharusi wanakonda. Kanda za DV zina mtego mkubwa zaidi: kwa mfumo wa PAL (ule wa fremu 25 kwa sekunde) picha ni 720 kwa 576 iwe ni ya umbo la 4:3 au la 16:9. Idadi ya pikseli ni ile ile, tofauti ni alama ndogo ndani ya faili inayosema zivutwe kiasi gani. Alama hiyo ikipotea njiani, programu inabahatisha.

Usivute picha kwa mkono mpaka “ionekane sawa”. Nenda kwenye sehemu ile ile ya kutafsiri klipu (katika DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri, ni Clip Attributes) na utaje umbo la pikseli. Ukivuta kwa jicho utakosea kidogo, na mama wa bibi harusi ataliona kosa hilo kabla yako.

“Mafaili ya MTS yanatosha, folda nyingine ni takataka”

Hapa naomba tusikilizane vizuri. AVCHD, mfumo ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, haukukusudiwa uwe lundo la mafaili yaliyotawanyika. Ni nyumba yenye vyumba. Ndani ya folda PRIVATE kuna AVCHD, ndani yake BDMV, na humo ndimo ilimo STREAM yenye mafaili ya MTS, yaani video zenyewe. Pembeni kuna CLIPINF na PLAYLIST, vifolda vyepesi sana ambavyo watu wengi huviacha kwenye kadi au huvifuta ili “kupunguza uzito”.

Vifolda hivyo ndivyo vinavyojua kipi kinafuata kipi. Kamera haiwezi kuandika faili lisilo na mwisho: kadi za SDHC zinatumia mfumo wa FAT32 wa kupanga mafaili, na faili moja humo halifiki GB 4. Kamera nyingi hukata hata mapema, kwenye GB 2. Kwa ubora wa megabiti 24 kwa sekunde, GB 2 zinajaa kwa takriban dakika 11. Ibada ya ndoa ya saa moja na nusu inakuwa mafaili manane au tisa.

Ukiyachukua mafaili hayo peke yake na kuyapanga kwenye taimlaini (mstari wa kupangia klipu) moja baada ya jingine, mara nyingi kwenye kila kiungo sauti inakatika kidogo. Mchungaji anasema “mpaka kifo” halafu pengo. Fundi analaumu maiki. Ukinakili folda nzima jinsi ilivyo na kuiingiza kupitia Media Browser ya Premiere Pro, programu inasoma mpangilio na kuyaunganisha yenyewe kama klipu moja.

Na kama vifolda vimeshapotea? Bado kuna njia. MTS imejengwa kwa vipakiti vidogo vidogo vinavyofuatana, kwa hiyo vipande vya rekodi moja vinaweza kuunganishwa ncha kwa ncha. Kwenye dirisha la amri la Windows:

copy /b 00001.MTS+00002.MTS+00003.MTS ibada.MTS

Hakikisha tu ni vipande vya rekodi moja iliyokatwa na kamera, si rekodi tatu tofauti.

Wenye Mac wanaona jambo jingine: folda nzima inajitokeza kama kitu kimoja kiitwacho AVCHD, hakifunguki kama folda. Haijaharibika. Bofya kulia, chagua Show Package Contents.

“Badili jina, MTS iwe MP4”

Kubadili herufi za mwisho ni kubadili kibandiko kwenye chupa. Kilichomo ni kile kile. Baadhi ya programu zitachungulia ndani na kucheza hata hivyo, nyingine zitakataa, na wewe utabaki umepoteza hata ule utambulisho wa mwanzo.

“Konvati kila kitu kwanza, ndipo uhariri”

Hii ina nusu ya ukweli, ndiyo maana haifi. Shida ni kwamba tunaita “kukonvati” mambo mawili yasiyofanana. Moja ni kuihamisha video kwenye chombo kipya bila kuigusa: picha iliyokuwa ndani ya MTS inawekwa ndani ya MP4 au MOV, biti kwa biti, kwa dakika chache. Jingine ni kuikandamiza upya, na hapo ubora unapungua kila mara, hata kama jicho halioni mara ya kwanza. Programu nyingi za bure zinazojitangaza kugeuza fomati hufanya hili la pili. Nyingine zinaondoa meno kienyeji, zinabadili fremu kwa sekunde, zinafinya rangi, na hakuna kati ya hayo kinachorudishika baadaye.

FFmpeg, programu ya bure ya kuandikiwa amri, inafanya lile la kwanza ukiiambia inakili tu:

ffmpeg -i 00001.MTS -c copy 00001.mp4

Kama kompyuta yako inakwama wakati wa kucheza, tengeneza nakala nyepesi za kuhariria na uache programu irudie mafaili halisi wakati wa kutoa kazi. Kukwama si ugonjwa wa faili. H.264, mbinu ambayo AVCHD hukandamizia picha, haihifadhi kila fremu kamili. Nyingi zinaeleza tu kilichobadilika tangu fremu nyingine. Kila unaporuka katikati ya klipu, kompyuta inalazimika kurudi nyuma kutafuta fremu kamili na kujenga kuanzia hapo.

Picha ikiwa ya kijani au nyeusi tupu huku sauti inasikika, jaribu kuzima usaidizi wa kadi ya grafiki wakati wa kusoma video, kwenye mipangilio ya programu, kisha usasishe dreva ya kadi hiyo. Mara nyingi ndipo tatizo lilipo.

“Haina sauti, maiki ilizimwa”

Fungua faili kwa VLC, programu ya bure ya kucheza video, kabla hujamgombeza aliyeshika kamera. AVCHD mara nyingi hubeba sauti ya Dolby AC-3, na si kila programu ya kuhariri ina uwezo wa kuisoma. VLC inayo yake ndani. Sauti ikisikika huko, ipo. Igeuze sauti peke yake, picha iachwe:

ffmpeg -i 00001.MTS -c:v copy -c:a pcm_s16le 00001.mov

“NTSC au PAL, kompyuta itarekebisha”

Ndugu wengi wanatuletea kamera kutoka Marekani. Tunashukuru, lakini nyingi ni za NTSC, mfumo wa huko, na zinarekodi 60i, yaani karibu nusu-picha 60 au fremu 29.97 kwa sekunde, na umeme wa huku ni wa hezi 50. Taa za ukumbi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kamera inahesabu kwa 60, na matokeo yake ni picha inayopepesa. Hilo limeingia ndani ya picha yenyewe. Hakuna mpangilio wa programu utakaoliondoa kikamilifu. Linazuiwa ukumbini, kwa kuweka shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, kwenye 1/100 ya sekunde.

Kuchanganya kamera hiyo na ya PAL ya fremu 25 kwenye taimlaini moja nako kuna gharama: programu inatupa karibu fremu tano kila sekunde, na mwendo unakuwa wa kurukaruka. Muulize mwenzako kamera yake kabla ya siku ya kazi.

Na pale panapokuwa na uharibifu wa kweli

Upo. Unatokea zaidi betri inapochomoka au kufa katikati ya kurekodi. MP4 huandika faharasa yake mwishoni, kamera inapofunga faili. Bila faharasa hiyo picha zote zipo lakini hakuna anayejua zinaanzia wapi, na kila programu itasema faili halifunguki. MTS huvumilia zaidi, kwa vile vipakiti vyake havisubiri mwisho.

Kwanza nakili kadi nzima kwenye diski. Ukishakuwa na nakala, rudisha kadi kwenye kamera ile ile na uiwashe. Kamera kadhaa zitagundua kasoro na kuomba ruhusa ya kurekebisha. Ikishindikana, kuna programu kama untrunc, inayojifunza kutoka kwenye faili zima la kamera hiyo hiyo, lenye mipangilio ile ile, kisha ikajenga upya faharasa iliyokosekana. Ndiyo maana usifute klipu nyingine za siku hiyo, hata zile za majaribio ya taa.

Na kama mtu ameshaifomati, bado usikate tamaa. Fomati ya haraka kwa kawaida inafuta orodha, haifuti picha. PhotoRec, programu ya bure ya kufufua mafaili, inaweza kuzifikia, mradi hakuna aliyerekodi kipaimara juu yake.