Sato Hazai kwa Mdomo: Dhana Potofu Kuhusu Samaki Wanaozaa

Sato jike aliyetoka wavuni, akibanwa mashavu pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, wakati mwingine humwaga vifaranga vidogo vyenye macho meusi yaliyotokeza na mikia inayotikisika, na aliye karibu husema, "Huyu anazaa kwa mdomo." Kauli hiyo si kweli. Sato hutaga mayai kwenye shimo ambalo dume amelichimba mchangani, kisha jike huyachukua kinywani na kuyaatamia humo hadi yaanguliwe, huku akila kidogo mno au asile kabisa. Furu jike naye hufanya vivyo hivyo. Huko ni kulea, wala si kuzaa.

Wapo pia wanaodhani kwamba hakuna samaki anayezaa kweli, na kwamba kiumbe wa baharini akizaa lazima awe nyangumi au pomboo. Hao nao wamekosea. Katika pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, kuanzia Alaska hadi Baja California, wanaishi samaki wa familia ya Embiotocidae, wenye magamba na matamvua kama sato, ambao Louis Agassiz aliwaeleza kisayansi mwaka 1853. Mbegu za dume huingia mwilini mwa jike na kuhifadhiwa humo kwa miezi kadhaa kabla ya mayai kurutubishwa. Baadaye watoto hukua ndani ya ovari, wakifyonza virutubisho kutoka katika majimaji yanayowazunguka kwa mapezi mapana yaliyojaa mishipa ya damu. Huzaliwa wakiwa na umbo kamili la samaki, na katika spishi ya Cymatogaster aggregata madume huzaliwa wakiwa wamekaribia kukomaa, jambo ambalo kwangu ni la ajabu kuliko kinywa cha sato.

Kwa kuwa jina lao la Kiingereza, surfperch, linafanana na la sangara, Nile perch, ni rahisi kuwadhani ndugu zake. Hata hivyo, taya zao za kooni, zinazosaga chakula, zilifanya wataalamu wawaweke kwa muda mrefu kundi moja na sato na furu, na vinasaba navyo vinaonyesha kwamba wako karibu zaidi na sato kuliko sangara.

Jina hilohilo, kwa kutaja mawimbi (surf), hupotosha pia kuhusu makazi yao. Baadhi yao hula kaa wa mchangani pale mawimbi yanapovunjika, lakini wengine huishi katika misitu ya mwani mrefu, kwenye miamba, chini ya magati na kwenye nyasi za bahari za ghuba tulivu. Na mmoja, Hysterocarpus traskii, huishi katika maji baridi ya California, akizaa humo watoto walio hai, mbali na chumvi ya bahari.